Erojeli ya Mti: Kizuia Joto Kipya na Maana Yake kwa Vyama

Kila chama kinachoshughulika na maziwa, samaki au barafu hulipa gharama ambayo haiandikwi kwa jina lake katika vitabu vya hesabu. Gharama hiyo ni joto. Maziwa hutoka kiweleni yakiwa na joto la digrii 37 hivi, nayo yasipopozwa mapema vijidudu huzaana hadi yakachacha. Samaki huanza kuharibika mara tu baada ya kuvuliwa, na barafu ndiyo imchelewesha kuoza hata afike sokoni. Lakini barafu yenyewe huyeyuka usiku na mchana. Kila kilo inayoyeyuka bure, na kila saa ya umeme au ya dizeli inayotumika kuondoa joto lililojipenyeza, ni fedha ya wanachama inayopotea kupitia ukuta wa sanduku au wa chumba cha baridi.

Katika miaka ya karibuni wataalamu wa Ulaya, Marekani na Asia wamekuwa wakitengeneza kutokana na mti kitu chepesi mno cha kuzuia joto, kiitwacho erojeli. Habari zake huandikwa kwa sifa nyingi, na sifa hizo si za uongo. Hata hivyo, sifa ya kitu katika maabara si sawa na faida yake katika bohari ya chama cha msingi. Siku muuzaji atakapofika mbele ya kamati na kipande cheupe, chepesi kama pamba, yafaa kamati iwe na elimu ya kutosha kumwuliza maswali. Makala haya yaeleza erojeli ya mti ni kitu gani, hutengenezwaje, hufaa wapi, na ni wapi ambapo kitu cha bei nafuu chaweza kufanya kazi ile ile.

NGUVU YA HEWA ILIYOTULIA

Joto hupita kwa njia tatu. Hupita ndani ya kitu chenyewe, kama mpini wa chuma unavyopata moto. Huchukuliwa na hewa au maji yanayozunguka. Tena husafiri kwa mnunurisho, kama joto la jua. Kizuia joto kizuri ni kile kinachozipunguza njia zote tatu kwa pamoja.

Kitu kinachofanya kazi hiyo kwa bei ndogo kuliko vyote ni hewa, ila kwa sharti kwamba hewa hiyo itulie. Kuku anapojikunyata asubuhi ya baridi huvimbisha manyoya yake ili akamate hewa katikati yake. Blanketi nalo halina joto lake lenyewe, bali huzuia hewa iliyo karibu na mwili isiondoke. Ndivyo ilivyo hata kwa vizuia joto vya viwandani: karibu vyote ni hewa iliyofungwa katika vijumba vidogo.

Wataalamu hupima sifa hii kwa kuhesabu wati za joto zinazopita katika ukuta wenye eneo la mita moja ya mraba na unene wa mita moja, iwapo upande mmja umezidi mwingine kwa digrii moja. Namba ikiwa ndogo, kizuia joto ni bora. Namba hizi, zote zikiwa za kukadiria, zafaa kukumbukwa:

Chuma: 50.
Maji: 0.6.
Mbao kavu: 0.10 hadi 0.15.
Unga wa mbao mkavu: 0.06 hadi 0.08.
Povu jeupe la plastiki, lile linalofungiwa redio na televisheni katika maboksi: 0.033 hadi 0.040.
Hewa iliyotulia: 0.026.
Povu la poliyurethani, lililomo katika kuta za majokofu: 0.022 hadi 0.028.
Erojeli ya silika: 0.013 hadi 0.020.

Mambo mawili yaonekana mara moja. Kwanza, maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Kwa hiyo kizuia joto chochote kikilowa hupoteza kazi yake. Pili, erojeli huishinda hata hewa yenyewe iliyotulia. Jambo hili la pili ndilo linalohitaji kuelezwa.

EROJELI NI KITU GANI

Jeli ni kitu kilicho katikati ya kigumu na majimaji. Uji mzito uliopoa ukaganda ni mfano wake: sehemu kubwa ni maji, lakini ndani yake mna utando mwembamba uliosukana kama wavu, nao ndio unaoyashika maji yasitiririke. Tuseme maji hayo yote yaweza kuondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na hewa, bila wavu ule kuanguka. Kitakachobaki ni kitu chenye umbo lile lile la jeli, lakini karibu chote ni hewa. Hiyo ndiyo erojeli.

Shida iko katika kuyaondoa maji. Jeli ikianikwa juani husinyaa kama kipande cha embe kilichokaushwa, kwa sababu maji yanapotoka huvuta kuta za vitundu na kuzikunja. Aliyelitatua jambo hili ni mwanakemia wa Marekani, Samuel Kistler, aliyetangaza kazi yake mwaka 1931. Aliyabadilisha maji kwa alkoholi, kisha akaitia alkoholi hiyo joto na mkandamizo mkubwa hata ikafikia hali ambayo haiwi tena majimaji wala haijawa mvuke wa kawaida. Katika hali hiyo hakuna uso wa maji wa kuvuta kuta, na alkoholi hutoka bila kuuvunja wavu. Kistler alitumia hasa silika, yaani kile kilichomo katika mchanga na kioo, lakini alijaribu pia vitu vya uhai, kama selulosi ya mimea na ute wa yai.

Vitundu vya erojeli ni vidogo kupita kiasi. Vipimo vyake ni nanomita, na nanomita bilioni moja ndizo zinazofanya mita moja. Unywele wa mtu una unene wa nanomita kati ya 50,000 na 100,000. Katika hewa ya kawaida, chembe moja husafiri kama nanomita 70 kabla ya kugongana na chembe nyingine na kuipokeza joto. Kitundu kikiwa kidogo kuliko hapo, chembe hugonga ukuta kabla ya kukutana na mwenzake, na upokezanaji wa joto hupungua. Hii ndiyo sababu hewa iliyofungwa ndani ya erojeli huzuia joto kuliko hewa iliyotulia ndani ya chupa.

KWA NINI MTI

Erojeli ya silika huvunjika upesi kama kioo chembamba na hutoa vumbi. Wataalamu wakageukia mti kutafuta wavu unaoweza kupinda bila kukatika. Mti una sehemu tatu kubwa: selulosi, ambayo ni nyuzi imara na hufikia kama asilimia 40 hadi 50 ya uzito mkavu, hemiselulosi, na lignini, ambayo huzigandamanisha nyuzi na kuupa mti ugumu wake. Uzi mmoja mwembamba kabisa wa selulosi una upana wa nanomita chache tu, nao ni wenye nguvu sana kwa uzito wake. Selulosi yapatikana pia katika mkonge, katika mabaki ya miwa, na hasa katika pamba, ambayo karibu yote ni selulosi.

Njia za kutengeneza ni mbili. Ya kwanza ni kuusaga mti. Mti huchemshwa kwa kemikali kama ifanyikavyo katika kiwanda cha karatasi, rojo linalopatikana husagwa zaidi hadi nyuzi zitengane, kisha nyuzi huchanganywa na maji zikawa jeli, na jeli hukaushwa. Mwaka 2015 wataalamu wa Stockholm, Sweden, walitangaza povu jepesi la nyuzi hizo lililochanganywa na oksaidi ya grafini, aina ya udongo na asidi ya boriki ili lisishike moto kwa urahisi. Upande unaokatiza nyuzi, kipimo chake kilikuwa 0.015, yaani chini ya hewa.

Njia ya pili ni kuuacha mti katika umbo lake na kuondoa tu visivyotakiwa. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, walieleza jinsi walivyochemsha vipande vya mbao katika kostiki soda na salfaiti ya sodiamu, wakavifanya vyeupe kwa haidrojeni peroksaidi, kisha wakavigandisha na kuvikausha katika ombwe. Lignini na sehemu kubwa ya hemiselulosi ikatoka, na zikabaki nyuzi za selulosi zimejipanga kama zilivyokuwa mtini. Kipimo cha joto kilikuwa 0.03 kwa kukatiza nyuzi, na 0.06 kwa kufuata nyuzi. Kwa upande wa urefu wa nyuzi, mbao hiyo ilistahimili mkandamizo wa kama kilo 130 kwa kila sentimita moja ya mraba, nguvu ambayo vizuia joto vya povu havina.

Ieleweke hapa kwamba kitu cha namna hii kina upande. Kikiwekwa vibaya, nyuzi zikielekea nje badala ya kulala sambamba na ukuta, joto huingia mara mbili zaidi.

UKAUSHAJI NDIO BEI

Mtu akiuliza kwa nini kitu kitokanacho na unga wa mbao ni ghali, jibu liko katika ukaushaji. Siku hizi hewa ya ukaa hutumika badala ya alkoholi. Hewa hiyo hufikia hali ile ya katikati kwa digrii 31 tu, lakini yahitaji mkandamizo wa kama mara 73 ya ule wa hewa tunayovuta. Mtungi wa kustahimili nguvu hiyo ni wa chuma kinene, na hutaka mafundi waliofunzwa. Kutumia alkoholi moto kuna hatari kubwa zaidi: mwaka 1984, huko Sjöbo, Sweden, methanoli ilivuja katika mtambo wa kutengeneza erojeli ikalipuka.

Njia nyingine ni kugandisha jeli na kuyaondoa maji yakiwa bado barafu, ndani ya ombwe. Njia hii ni salama zaidi, lakini ni ya polepole na hula umeme mwingi. Wataalamu wengi wanatafuta namna ya kukausha katika hewa ya kawaida bila jeli kusinyaa, na hapo ndipo bei itakapoamuliwa. Hadi sasa mablanketi ya erojeli ya silika huuzwa na kutumika katika mabomba na majengo ya nchi za viwanda. Erojeli ya mti kwa kiasi kikubwa ingali katika maabara na katika viwanda vya majaribio.

HESABU AMBAYO KILA KATIBU AWEZA KUIFANYA

Joto linaloingia katika sanduku huongezeka kwa eneo la kuta, kwa tofauti ya joto kati ya nje na ndani, na kwa kipimo cha kizuia joto. Hupungua kwa unene wa ukuta. Tuchukue sanduku la barafu lenye mita moja kila upande. Kuta zake sita zina jumla ya mita 6 za mraba. Nje pana digrii 30, ndani mna barafu kwenye digrii sifuri, na ukuta una unene wa sentimita 5. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kwahitaji kilojuli 334. Kwa saa 24 matokeo ni haya:

Unga wa mbao mkavu, kipimo 0.07: wati 252 huingia, na kilo 65 za barafu huyeyuka.
Povu jeupe la plastiki, kipimo 0.035: wati 126, na kilo 33.
Erojeli, kipimo 0.0175: wati 63, na kilo 16.

Hesabu hii ni ya kukadiria. Haikutia ndani mfuniko unaofunguliwa mara kwa mara, wala joto la samaki wanaoingizwa. Hata hivyo yaonyesha kwamba erojeli huokoa kilo 17 za barafu kila siku ikilinganishwa na povu. Kwa siku 300 za kazi, hizo ni kilo 5,100. Katibu akizidisha kilo hizo kwa bei ya barafu ya mahali pake, atapata kiasi cha fedha kinachookolewa kwa mwaka.

Lakini hesabu isikomee hapo. Kwa kuwa joto hupungua kadiri ukuta unavyoongezeka unene, povu la sentimita 10, au unga wa mbao wa sentimita 20, hufanya kazi karibu sawa na erojeli ya sentimita 5. Kwa maneno mengine, anayenunua erojeli hununua nafasi. Palipo na nafasi ya kutosha, kama katika chumba cha baridi kinachojengwa uwanjani mwa chama, unene wa kitu rahisi huleta matokeo yale yale kwa fedha chache. Pasipo na nafasi, hali ni tofauti. Sanduku la chanjo za mifugo, ambazo nyingi hutakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8, hubebwa begani au kwenye baiskeli hadi boma la mfugaji. Kila sentimita ya ukuta hupunguza idadi ya chanjo zinazobebwa. Gari la kusafirisha maziwa lina hesabu ya namna hiyo. Huko ndiko erojeli itakakostahili kufikiriwa kwanza.

KASORO ZISIZOTAJWA KATIKA MATANGAZO

Selulosi hupenda maji. Katika hewa yenye unyevu, kama ile ya pwani na ya kandokando ya maziwa makuu, erojeli ya mti isiyotiwa dawa hufyonza mvuke, hulegea, na vitundu vyake huweza kufunga. Ziko dawa za kuifanya ikatae maji, lakini huongeza gharama. Selulosi pia huungua, na kuondolewa kwa lignini hakuifanyi isiungue. Asidi ya boriki na chumvi zake husaidia, ila hazimwondolei mnunuzi wajibu wa kuuliza. Tena, selulosi ni chakula cha mchwa. Mwisho, kipimo kinachotangazwa huwa kimepatikana kwa kipande kidogo kilicho kikavu. Ukuta mzima una maungio, misumari na mlango, na joto hupita hapo kwanza.

UNGA WA MBAO BADO UNA KAZI

Matumizi ya mti kuzuia joto si jambo geni. Mwaka 1806 Frederic Tudor wa Boston, Marekani, alianza kupeleka barafu iliyokatwa katika maziwa ya kwao hadi kisiwa cha Martinique. Mwaka 1833 meli iitwayo Tuscany ilichukua tani 180 za barafu kutoka Boston hadi Calcutta, India, safari ya miezi minne iliyokatiza ikweta mara mbili, na tani kama 100 zikafika. Meli za biashara ile zilikinga shehena yake kwa unga wa mbao, majani makavu na magome ya miti. Kabla ya hapo unga wa mbao ulikuwa taka tu viwandani. Baadaye ukawa bidhaa yenye bei.

Katika maeneo ya viwanda vya mbao, mathalani Mufindi, unga wa mbao na maranda hulundikana. Penye mashine za kukoboa mpunga, makapi hulundikana vilevile, nayo yana silika nyingi na hushika moto kwa taabu kuliko unga wa mbao. Chama kinachotaka kuvitumia hakina budi kuzingatia masharti yafuatayo. Kitu kiwe kikavu kabisa kabla ya kujazwa katikati ya kuta mbili. Karatasi ya nailoni ipigwe upande wa nje wa kizuia joto, kwa kuwa katika nchi ya joto mvuke hutoka nje kuelekea ndani kwenye baridi. Maji ya barafu iliyoyeyuka yapewe bomba la kutokea. Juu ya ukuta uachwe mfuniko wa kuongezea, maana unga hushuka kwa mtikisiko na kuacha uwazi. Sanduku lisimame juu ya miguu yenye vikombe vya chuma ili kuzuia mchwa, na moto usiwashwe karibu.

MASWALI YA KUMWULIZA MUUZAJI

Kabla ya kamati kupitisha ununuzi wa kizuia joto chochote kipya, majibu ya maswali haya yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano:

1. Kipimo cha upitishaji joto ni kiasi gani, na kimepimwa na nani, kikiwa kikavu au katika hewa yenye unyevu?
2. Je, kina upande wa nyuzi, na kiwekwe vipi?
3. Kikilowa, hurudia hali yake kikikauka, au huharibika moja kwa moja?
4. Kikishika moto huendelea kuwaka, au huzimika chenyewe?
5. Kimekingwa vipi dhidi ya mchwa, panya na ukungu?
6. Bei ya kila mita ya mraba, kwa unene unaotakiwa, ni mara ngapi ya bei ya povu lenye unene mara mbili?
7. Nani atakitengeneza kikipasuka, na kwa muda gani ana dhamana nacho?

Muuzaji mwenye bidhaa njema hatachukizwa na maswali hayo. Asiyeweza kujibu la kwanza na la sita hajawa tayari kupokea fedha za wanachama.

Vyama vilivyo karibu na misitu vina jambo moja zaidi la kuangalia. Iwapo ukaushaji rahisi utapatikana, mabaki ya mbao, ya mkonge na ya pamba yatatafutwa na viwanda, kama unga wa mbao ulivyotafutwa na wafanyabiashara wa barafu. Chama kinachojua leo ni tani ngapi za mabaki hutupwa au huchomwa katika eneo lake kitaweza siku hiyo kukaa mezani kupatana bei. Kisichojua kitapokea bei itakayotajwa na mnunuzi. Kazi ya kupima na kuandika mabaki hayo haihitaji maabara wala mtaji mkubwa. Yahitaji mizani, daftari na katibu mwangalifu.